Mkwe hataki niandae nguo za mtoto: begi la kujifungulia nilifungeje?

SWALI

Shangazi, shikamoo.

Mimi nina miaka 23, mimba yangu ni ya kwanza na kwa hesabu ya kliniki imefika wiki 33. Tunaishi kijijini, upande wa Manyoni. Kutoka kwetu mpaka hospitali ya wilaya ni karibu saa nzima kwa bodaboda, na mvua ikinyesha ni zaidi ya hapo. Mume wangu ni dereva wa lori, anapeleka mizigo Rusumo na kuvuka mpaka Kigali, kwa hiyo nyumbani anakaa siku chache tu kwa mwezi. Naishi na mama mkwe. Ananipenda, na sijawahi kugombana naye.

Kliniki ya juzi nesi alinipa orodha: mpira wa kulalia, glavu, pamba, kibana kitovu, wembe, pedi, khanga, beseni, ndoo na nguo za mtoto. Nilipofika nyumbani nikamsomea mama. Akanyamaza, kisha akasema nguo za mtoto hazinunuliwi kabla hajazaliwa, ni kuita mkosi. Yeye amezaa watoto saba na hajawahi kufunga begi. Mtoto akishatoka salama ndipo watu wanakwenda dukani. Nilikuwa nimenunua kofia na soksi mnadani. Alipoziona aliniambia nizitoe mle ndani.

Jambo jingine ni hela. Mume wangu ameniachia shilingi 80,000 kwa ajili ya maandalizi yote. Rafiki yangu wa Dodoma kaweka status ya begi lake: gauni la satini, mashine ya kukamulia maziwa, chupa za maziwa, poda, mafuta ya aina tatu. Mimi nikiangalia khanga zangu zilivyochakaa naona aibu. Na jirani ananiambia manesi wanawafokea wasio na vitu, eti nibebe dawa ya miti shamba ya kuongeza uchungu anayouza bibi mmoja hapa kijijini, nikifika niinywe kwa siri ili nisikae sana.

Naomba unielekeze nifunge nini, nianze lini, na mama nimwambieje bila kumvunjia heshima.

Mama kijacho, Manyoni

JIBU

Marahaba, mwanangu. Nianze na hilo la jirani, maana mengine yote yanaweza kusubiri hata kesho. Dawa hiyo usinywe. Usiiweke kwenye begi, wala usimpe mtu akubebee.

Mji wa uzazi unapobana, damu inayompelekea mtoto hewa kupitia kondo la nyuma hupungua. Unapoachia, damu inarudi na mtoto anapumua tena. Ndiyo sababu uchungu wa kawaida huja, ukaondoka, ukaja tena. Dawa ya miti shamba haina kipimo. Inaweza kuufanya mji ubane mfululizo bila kuachia, mtoto akakosa hewa, au mji wenyewe ukachanika, na mama akapoteza damu nyingi kwa muda mfupi sana. Hospitalini nako dawa ya kuongeza uchungu ipo, lakini huingia kwa dripu, tone kwa tone, huku mapigo ya moyo wa mtoto yakisikilizwa. Sasa wewe umeshakunywa ya bibi kwa siri, nesi hajui, naye anakuongezea ya kwake. Hapo wanaweza kuwapoteza wote wawili. Na ikitokea umenyweshwa chochote nyumbani, mwambie mkunga mara tu unapofika, hata kama waliokunywesha wamesimama hapo hapo.

Sasa mama mkwe. Mimi simwoni kama mtu mwenye ubaya. Ni mtu mzima aliyezaa wakati nyumba nyingi zilikuwa zinazika vichanga, na mwanamke aliyerudi nyumbani mikono mitupu alivikuta viguo vimekunjwa vinamngoja. Kutonunua mapema ilikuwa njia yao ya kumkinga mzazi na uchungu huo. Ukimwambia ni ushirikina utakuwa umemuumiza bure, na yeye ndiye atakayekuwa pembeni yako saa nane za usiku.

Ningekuwa wewe, ningempa kazi. Mwombe khanga zake za zamani. Mwambie hivi: "Mama, nesi anataka khanga kuukuu, laini, za kumpokelea mjukuu wako. Zangu hazitoshi." Hilo si la kumzuga, ni kweli tupu. Khanga mpya ina wanga wa dukani, maji yanateleza juu yake. Iliyofuliwa miaka mingi inanyonya. Mtoto anatoka amelowa mwili mzima, na kama hakukaushwa upesi anapoteza joto, hata huko kwenu kwenye jua kali. Mkunga humkausha kwa khanga ya kwanza, huitupa ile iliyolowa, kisha anamlaza kifuani kwako ngozi kwa ngozi na kuwafunika wote wawili kwa khanga ya pili iliyo kavu. Kwa hiyo hizo khanga ulizozionea aibu ndizo hasa zinazotakiwa. Hakuna kitu katika begi la rafiki yako wa Dodoma kinachozishinda.

Zifue kwa sabuni, zianike juani, kisha zipige pasi pande zote mbili mpaka kwenye pindo. Pasi ya mkaa inatosha kabisa. Kuna nzi anayetaga mayai kwenye nguo zilizoanikwa nje zikiwa na unyevu, na funza wake huingia kwenye ngozi ya mtoto. Moto wa pasi unayaua hayo mayai. Hesabu ya kwangu ni doti tatu au nne, yaani vipande sita hadi vinane, na vipande viwili vilivyo laini kuliko vyote uviweke peke yake kwa ajili ya mtoto.

Kofia na soksi usizitupe. Mpelekee wifi yako, au dada yako, au huyo atakayekusindikiza, akuwekee kwake na aje nazo siku ya safari. Kichwa cha mtoto mchanga ni kikubwa ukilinganisha na mwili wake na joto jingi hupotelea hapo, kwa hiyo kofia ni ya lazima. Mama hatazikuta kabatini, na mtoto hatazikosa. Na kliniki ijayo, kama afya yake inaruhusu, nenda naye. Mama mkwe akielezwa na nesi mwenyewe, kwa heshima, huwa analichukua tofauti na linapotoka kwa mkamwana.

Kufunga begi anza wiki hii, umalize kabla ya wiki ya 36. Usingoje mwezi wa tisa uishe. Wapo wanaojifungua kabla ya wiki 37, na kwa mtu aliye mbali na hospitali kama wewe, uchungu ukianza usiku hakuna duka la dawa utakalolikuta wazi.

Watu wengi hukosea kwa namna ya kupanga, hata kama vitu wanavyo. Nimemwona msindikizaji chumba cha leba akimimina begi zima sakafuni, blauzi za mama, sahani, kandambili, pakiti ya sukari, anatafuta khanga ya kumpokelea mtoto na mtoto ameshatoka. Ilikuwa chini kabisa, imebanwa na ndoo. Tumia mifuko mitatu, hata hii mifuko mbadala ya sokoni, kisha yote uitie ndani ya begi moja au kikapu.

Wa kwanza ni wa leba, na ndio unaokaa juu. Weka mpira wa kulalia, glavu za upasuaji (zile ambazo kila jozi imefungwa kwenye pakiti yake, usizifungue kuzijaribu), pamba, kibana kitovu, wembe mpya ukiwa ndani ya karatasi yake, vile vipande viwili vya khanga vya mtoto, kofia (hiyo itaingia siku ya safari, ikiletwa), na pedi moja kubwa. Msindikizaji wako auone mfuko huu kwa macho yake siku unapoufunga, aushike, ajue hata gizani kila kitu kiko wapi.

Wa pili ni wa wodini. Ukijifungua salama kwa njia ya kawaida utakaa angalau saa 24 ukiangaliwa, kwa hiyo begi ni la siku moja na akiba kidogo. Weka pedi kubwa pakiti mbili, chupi zisizobana ambazo hutajali zikichafuka, gauni linalofunguka mbele kwa ajili ya kunyonyesha, khanga zilizobaki, sabuni, mswaki, kandambili, kikombe na kijiko. Beseni na ndoo vitasaidia kwa kuoga na kwa khanga zilizochafuka, wala havina haja ya kuwa vipya, visafishwe tu. Uji kwenye chupa ya chai msindikizaji atauandaa siku yenyewe. Tende au biskuti weka mapema. Huyo msindikizaji naye atie chakula chake, maana akiondoka kutafuta kula ndipo unapomhitaji.

Wa tatu ni mdogo, na huu usiuweke kwenye begi hata kidogo. Kaa nao karibu na kitanda, na ukienda hata sokoni uende nao. Humo iko kadi ya kliniki. Kadi hiyo inamwambia mkunga asiyekujua kundi lako la damu, presha yako, wingi wa damu, vipimo vyote na tarehe ya makadirio. Kama kundi lako lina alama ya kutoa, yaani negativu, muulize nesi mapema kuhusu sindano ya Anti-D, kwa sababu mtoto akiwa na kundi chanya inatakiwa uchomwe ndani ya saa 72 baada ya kujifungua, na huenda ikabidi iagizwe. Weka pia kadi ya bima kama unayo, namba ya NIDA, majina kamili ya baba wa mtoto kwa ajili ya tangazo la kizazi ambalo baadaye litatumika kupata cheti cha kuzaliwa cha RITA, simu na chaja, na karatasi yenye namba za watu muhimu kwa kalamu, maana simu huzima. Kama kuna dawa unazotumia kila siku, za presha, za kisukari au za kufubaza VVU, zikae humo humo. Usiziache nyumbani kwa kuogopa mtu kuziona.

Chupa za maziwa usinunue. Mtoto awekwe kwenye titi ndani ya saa ya kwanza, na yale maziwa ya mwanzo ya njano ni yake, hayakamuliwi kumwagwa. Poda, manukato, asali, maji ya glukosi, vyote acha. Kwenye kitovu hakipakwi mafuta, unga, majivu wala mate. Kinaachwa kikavu mpaka kidondoke chenyewe. Na kumwogesha kunasubiri saa 24. Haya mweleze mama sasa hivi, mkiwa mnachambua mboga pamoja, kuliko aje kuyasikia wodini akiwa na maji ya moto mkononi.

Kuhusu hela. Katika vituo vya serikali, sera yetu inasema huduma kwa mjamzito na mtoto wa chini ya miaka 5 ni bure. Lakini vifaa huisha, na ndiyo maana unapewa orodha. Kabla hujanunua chochote, muulize nesi wa kliniki: kati ya hivi, vipi vipo kwa sasa na vipi kweli nije navyo? Unaweza kuokoa nusu ya ulichopanga. Katika hiyo 80,000, toa kwanza ya nauli ya usiku, uitunze kwenye laini yako mwenyewe, na noti ndogo ndogo kidogo mkononi. Kisha nunua glavu, mpira, pamba, kibana kitovu na wembe. Kisha pedi. Kinachobaki ndicho cha mengine. Gauni la zamani lenye vifungo ni gauni.

Kufokewa kunatokea, sitakudanganya, na ni makosa. Mjamzito hafukuzwi kwa sababu hana glavu. Ukikuta hali hiyo, msindikizaji amtafute muuguzi mfawidhi au mganga mfawidhi na aseme kwa utulivu. Lakini hata kama begi halijakamilika, hata kama halipo kabisa, uchungu ukianza ondoka nyumbani. Nimeshuhudia wanawake waliochelewa wakisubiri mume arudi na hela ya beseni. Hilo ndilo ninalotaka lishike kichwani mwako kuliko orodha nzima: begi linakusaidia ukishafika, na kazi kubwa zaidi ni kufika.

Kwa hiyo tuongee kufika. Chagua bodaboda wawili unaowaamini na mwenye gari mmoja, uzungumze nao sasa, uwaulize kama usiku wanapokea simu. Andika 115. Ni namba ya bure ya m-mama, mfumo wa dharura wa wajawazito, wazazi na vichanga: unaongea na mhudumu, anapima hali yako, na ikibidi gari la wagonjwa au dereva wa jamii aliyesajiliwa anatumwa, bila wewe kumlipa. Mama, wifi na msindikizaji wote wawe nayo. Vilevile ulizia kama hospitali hiyo ina nyumba ya wajawazito kusubiria, wengi tunaiita chigonela, au kama kuna ndugu mjini Manyoni atakayekupokea kuanzia wiki ya 38. Saa nzima juu ya bodaboda ukiwa na uchungu, tena kwenye tope, ni jambo la kuepukwa kama kuna njia.

Usisubiri uchungu ukukolee ukiona lolote kati ya haya: damu ukeni, kichwa kuuma sana, kuona maruweruwe, kuvimba uso na mikono, degedege, homa, mtoto kupungua kucheza, au chupa kupasuka. Chupa ikipasuka vaa pedi na uende nayo, mkunga aone rangi. Maji ya kijani yanaonyesha mtoto ameshajisaidia humo ndani, na hapo dakika zina maana. Ukishajifungua, ukilowanisha pedi moja nzima ndani ya saa moja, mwite nesi usione haya. Damu nyingi baada ya kujifungua inaua haraka kuliko watu wanavyodhani.

Na damu hiyo ikihitajika, inatoka kwa watu. Tafuta ndugu wawili wenye afya, umri kati ya miaka 18 na 65 na uzito usiopungua kilo 50, wakubali kabisa kwamba wakiitwa watakwenda kuchangia. Hata kama kundi lao si lako, wanachochangia kinajaza benki ya damu iliyokuhudumia.

Mume wako yuko barabarani, kwa hiyo mmalize mapema suala la maamuzi. Ukiambiwa unahitaji upasuaji, anayesaini ni wewe. Asisubiriwe mtu aliye Rusumo simu yake haipatikani. Amwambie mama yake hivyo kwa kinywa chake, wewe ukiwepo, ili siku hiyo pasiwe na mtu wa kusema "tumngoje baba mtoto". Akipiga simu jioni ya leo, mpe mama aongee naye hilo kwanza, halafu ninyi wawili mpange nani kati ya kaka zake atachangia damu.